Ngitili Isiyofunguliwa

Baba yangu hajawahi kuona mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani, lakini anaweza kukueleza hali ya majani katika viwanja vitatu vya Ulaya inakochezwa. Sitanii. Mwulize kuhusu ule wa Poland wenye majukwaa ya zege yaliyopasuka, atakwambia pale ardhi haipitishi maji na aliyeujenga hakuuliza mtu. Mwulize kuhusu ule wa Austria uliopakana na milima, atasema pale pana malisho ya ng'ombe mia, kisha atatikisa kichwa. Ule wa Ujerumani usimwulize. Huo nausimulia mimi, kwa sababu kosa lililofanyika pale ni langu.

Tulizaliwa wawili tu, kaka yangu na mimi, na mama alitangulia mapema. Kaka alikwenda Ujerumani kusoma, masomo akayaacha njiani, akabaki huko na kazi ambayo nyumbani hatukuwa na jina lake: alikuwa mchora mistari. Yeye na mwenzake mmoja, Mjerumani, walikuwa wakiandaa viwanja, Ujerumani na nchi za jirani, kwa ajili ya timu za kulipwa za mpira ule wa Wamarekani, unaobebwa kifuani, wachezaji wamevaa kofia ngumu utadhani wanakwenda mgodini. Aliniambia timu hizo, karibu zote alizozifahamu, ni wapangaji. Uwanja ni wa timu ya mpira wa miguu au wa manispaa. Mwisho wa wiki wapangaji wanaingia, wanasimamisha magoli yao yenye umbo la panda ya manati, wanachorewa mistari kila yadi tano, wanagongana saa tatu nzima, wanaondoka. Jumatatu kaka yangu anafuta, ili wenyeji wakirudi wasikute alama ya mgeni.

"Ila haifutiki yote," aliniambia. "Unasugua, unapiga maji, ikikushinda unapuliza rangi ya kijani juu yake. Lakini jua likiwa upande, ukipanda juu kabisa jukwaani, unaiona. Hata ya timu iliyokufa mwaka juzi unaiona."

Nilimwuliza timu inakufaje. Akasema huko timu hizo zinakufa kila mara, leo ipo na jezi zake na ngoma zake, msimu ujao haipo, na uwanja hausemi kitu.

Mechi zao ni za kiangazi chao, ambacho ndicho kiangazi chetu. Wakati huku Simiyu vumbi limeshika kila kitu na ng'ombe wanaanza kuonyesha mbavu, ndipo video zake zilipokuwa zinaingia kwenye simu yangu. Baba ana kitochi, simu ya kupigia tu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nafunga duka langu la steshenari pale Bariadi mjini, napanda bodaboda hadi Nkololo, namkuta ameketi kwenye kigoda chake nje ya zizi.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu."

Ananiita mayu, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Kisha ananyoosha mkono apewe simu, hata kabla hajaniuliza habari za safari.

Video zote zilikuwa za namna moja. Kaka alikuwa anarekodi uwanja ukiwa mtupu, asubuhi, kabla hawajaanza kazi. Uso wake hauonekani, maana yeye ndiye ameshika simu. Unasikia funguo zikigonga mkandani, unasikia viatu kwenye ngazi za chuma, unamsikia anahema akipanda. Akifika juu anageuza simu taratibu: viti vya bluu visivyo na mtu, njia nyekundu ya wakimbiaji iliyouzunguka uwanja, na katikati majani ya kijani ambayo huku kwetu mwezi wa saba huyaoni hata ndotoni.

Siku ya kwanza baba aliitazama mpaka ikaisha, akaniuliza, "Hii ngitili ya nani?"

Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza. Hakuna ng'ombe anayekanyaga hapo. Majani yanaachwa yakue mpaka kiangazi kikaze, ndipo mwenyewe anaifungua, kipande kwa kipande, na hapo ndipo mji unapojua kama una baba au hauna. Mtu mwenye akili Nkololo anajulikana kwa ngitili yake. Nikamwambia si ngitili, ni uwanja wa mpira. Akasema anaona, ila majani ni majani. Akataka nimrekodi sauti.

"Mwulize hao watu," alisema, akiwa ameisogeza simu mdomoni kabisa, "wataifungua lini."

Nikatuma. Akauliza, "Imefika?" Nikamwonyesha tiki mbili, nikamweleza kwamba tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwangu, mbili umefika kwake. Jibu lilirudi tukiwa bado tunakula viazi. Kaka alikuwa anacheka. "Haifunguliwi, baba. Wanayakata kila siku ya pili, wanayatupa."

Baba hakucheka. Alisema watu wanaotupa majani watakuja kuulizwa siku moja, na hakusema na nani.

Msimu uliofuata, ambao ulikuwa wa mwisho, baba na kaka waliimba wimbo mmoja tu: kipara. Trekta lililoleta magoli liliburuta chuma karibu na mstari wa mwisho katika ule uwanja wa Ujerumani, likachuna majani, pakabaki udongo mtupu wa ukubwa wa ungo. Kaka akamwonyesha baba. Baba akamwagiza aweke samadi. Kaka akajibu kwamba akileta samadi pale atafukuzwa yeye pamoja na samadi yake, akaweka mchanga na mbegu. Basi kila Jumapili, wiki baada ya wiki, mzee mmoja wa Nkololo alikuwa anakagua kipara cha Ujerumani. Mbegu zimemwagwa. Majani mawili matatu. Yameshika upande wa kivuli, upande wa jua bado. Yameziba. Siku yalipoziba kabisa, baba alikwenda kutangaza joshoni, mbele ya watu waliopeleka ng'ombe kuogeshwa, kwamba mwanawe anaponya ardhi ya Wazungu. Wakamtania kwamba labda anawaganga na Wazungu wenyewe.

Mechi zikaisha. Wakati wa baridi kaka alikuwa anapiga simu mara chache, sauti imekwaruza. Mwezi wa pili simu yake ikawa haipatikani. Nilituma ujumbe, tiki moja. Nikatuma mwingine, tiki moja. Baba akiuliza nasema mtandao, au nasema baridi ni kali, hakuna kazi, ameishiwa bando. Niliyasema hayo nikiyaamini nusu.

Mwezi wa nne nikapigiwa na namba nisiyoijua. Alikuwa yule mwenzake Mjerumani. Alikuwa amekwenda kwao wakati wa baridi, akarudi kuandaa msimu, akakuta stoo ya rangi imefungwa na vumbi juu. Namba yangu aliikuta ukutani mle ndani, kaka aliiandika kwa ile ile rangi ya mistari. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na kwa hilo namshukuru, maana alisema kila kitu kwa maneno mafupi. Moyo ulisimama. Alikuwa peke yake chumbani. Walitafuta ndugu, hawakupata. Sheria ya huko haisubiri. Walimchoma, wakazika majivu katika bustani ya majani, mahali wanapolazwa watu wasio na mtu. Akanitumia picha. Ilikuwa picha ya majani tu, yamekatwa vizuri. Hakuna jiwe, msalaba, wala kijiti.

Nilikuwa dukani, mteja anasubiri nakala za cheti chake cha kuzaliwa. Nikamtolea nakala zake tano, nikazibana pini, nikamwambia karibu tena. Sijui nilifanyaje.

Njia ya kupeleka habari ile naijua, kila mtoto wa kwetu anaijua. Msiba haupelekwi na binti, tena kwa simu. Nilipaswa kumwambia baba mdogo anayekaa Ngulyati, yeye atafute wazee wawili, wafike kwa baba asubuhi kabla ng'ombe hawajatolewa zizini. Na kweli nilikwenda Ngulyati. Nikanywa uji kwa baba mdogo, nikaulizia mpunga umekwendaje, nikapanda bodaboda nikarudi mjini. Kifo ningeweza kukitamka. Moto ndio nilioshindwa kuutamka. Kwetu mwenye mji analazwa karibu na zizi lake, na baba alikwisha kutuonyesha atakapolala yeye na atakapolala mwanawe. Ningemwambia nini kuhusu ile nafasi? Nilimwogopa. Na presha yake niliitumia kama kisingizio, maana baba ana presha kweli, lakini hiyo presha imeona makubwa kuliko hilo.

Mechi zilipoanza tena huko, baba akasema, "Sasa ataanza kutuma." Jumapili iliyofuata nilikuwa na video kwenye simu. Ilikuwa ya mwaka uliopita.

Nilikuwa nazo kumi na saba. Nilikaa nazo dukani mchana wateja wakipungua, nachagua ya Jumapili. Nilizisikiliza mpaka nikawa nazijua ngazi za ule uwanja kwa hesabu. Katika mojawapo mlango unajibamiza chini kule, na kaka anasimama. Kisha anauliza kwa Kisukuma, ni nani. Ujerumani nzima, uwanja mtupu, na mtu anauliza kwa Kisukuma. Hakuna anayejibu, anaendelea kupanda. Ile niliirudia mara nyingi kuliko zote, natafuta ni nani aliyekuwa mlangoni. Siku moja alipouliza nikajibu, "Mimi." Mama mmoja aliyekuwa anachagua madaftari akageuka kuniangalia, akachukua madaftari yake upesi akaondoka.

Na mistari nikaanza kuiona. Niliiona katika mashamba ya pamba yaliyokwisha kung'olewa masalia, nikaiona katika uwanja wa shule ya msingi jua likielekea kuzama, mistari ya michezo ya mwaka gani sijui, iliyokwisha kufutwa na mvua. Nilikuwa nageuza uso. Niliogopa kwamba nikitazama sana nitamwona na mwenye kuichora.

Baba alizitazama zote. Hata nilizokwisha kumwonyesha mwaka jana alizitazama, na mimi nilijipongeza kwamba mzee amesahau. Nilizichanganya makusudi, leo Poland, Jumapili ijayo Ujerumani, ili asishtuke. Neno moja tu lilibadilika. Hakuagiza tena swali lolote. Hakusema nimwulize kitu, wala hakuuliza kama ujumbe umefika. Alikuwa anasema, "Rudisha nyuma," narudisha, anasikiliza tena mwanawe akipanda ngazi, ananirudishia simu. Nilishukuru. Nilidhani nimepona.

Mwezi wa tisa jirani ya baba alikuja dukani. Hakuja kutoa nakala. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Dada, nenda kamwangalie mzee wako. Ng'ombe wamebaki mifupa. Anawapeleka mtoni kule mbali kutafuta majani, anawarudisha jioni wanayumba. Na ngitili yake imejaa, majani yananifika hapa," akagusa juu ya goti. "Tunamwambia fungua, mzee, anasema bado. Mwaka huu ndama wawili wameanguka. Watu wanasema amerogwa."

"Anangoja nini?"

"Sisi ndio tunakuja kukuuliza wewe. Wewe si ndiye unakwenda kila Jumapili?" Akavaa kofia yake. "Mficha maradhi, dada. Kama kuna kitu kwenu, semeni."

Haikuwa Jumapili. Nilifunga duka saa nne asubuhi nikaenda. Baba hakuwa kwenye kigoda. Nilimkuta kwenye ukingo wa ngitili, anarudishia matawi ya miiba mahali mbuzi walipopenya. Nyuma yake majani yalikuwa yamesimama, makavu, ya manjano, mengi mno. Ng'ombe walikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa, wanayatazama.

Nilimsalimia, akaitika, akaendelea na miiba yake. Nikamwambia ng'ombe wanakufa na chakula kipo, ni kitu gani hiki. Nilisema kwa ukali, maana nilikuwa na hofu. Akamaliza tawi lake, akajifuta mikono.

"Mayu, kile kipara cha Ujerumani kimepona?"

"Kimepona, baba. Si ulikiona mwenyewe?"

"Nilikiona Jumapili ya kwanza, kimeziba. Nikafurahi. Jumapili ya tatu nikakiona kina majani mawili matatu. Nikasema labda wamekiburuta tena. Jumapili iliyofuata udongo mtupu, mbegu ndiyo kwanza zinamwagwa, na lile jani la kombo kushoto liko pale pale kama mwaka jana." Alikuwa ananieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu ndama. "Mimi nimechunga tangu sina meno ya mbele. Majani yanakua, yanakauka, yanaliwa. Hayarudi nyuma."

Mimi ninayepangia watu kurasa zao, mtu akiniletea mkataba umechanganyika naupanga bila kusoma, nilikuwa nimempangia baba yangu ardhi kinyumenyume kwa miezi minne. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuja na ile simu. Na mimi nilitaka kumsikia akipanda ngazi."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniacha nimalize, kisha akauliza alilokuwa amelisubiri tangu Jumapili ile ya nne.

"Wamemlaza wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na moto, kwa sauti ndogo nikitazama miguu yake. Nikamwonyesha ile picha. Aliishika simu mbali kidogo na macho, akaitazama muda mrefu sana.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, baba. Mahali penyewe hasa hawaonyeshi."

"Yanakatwa?"

"Yanakatwa."

"Ng'ombe hawapiti."

"Hawapiti."

Akanirudishia simu. Akasema, "Jua likiwa upande, panaonekana." Sikujua kama anauliza au anasema. Yalikuwa maneno ya kaka, na sikukumbuka kwamba niliwahi kumsimulia baba. Labda kaka alimwambia mwenyewe.

Kisha akanieleza kuhusu ngitili, na hilo ndilo ninaloishi nalo. "Mtu usiyejua amelala wapi, unaogopa kukanyaga," alisema. "Kila mahali unajiuliza, pengine ni hapa. Nikasema basi, hata pahali pamoja pasikanyagwe, mpaka huyu mtoto aniambie."

Kwa hiyo ng'ombe walikuwa wananingoja mimi. Ndama wale wawili waliningoja mimi.

Jioni ile nilikwenda Ngulyati kumwambia baba mdogo, na kesho yake alikuja na wazee wawili, wakafika kabla zizi halijafunguliwa, wakaketi, wakasema habari ambayo baba alikwisha kuijua, nayo ikawa msiba sasa, kwa sababu imesemwa na wanaostahili kuisema. Baba akanyolewa. Wanawake walilia kwa sauti, nami nikalia nao. Jirani yule alileta maziwa ya ng'ombe wake, akakaa nyuma kabisa.

Siku ya tatu, jua likiwa limeinuka, baba aliondoa miiba kwa mikono yake. Ng'ombe hawakuamini. Walisimama pale kwenye uwazi wanavuta hewa, mpaka jike mmoja mzee akatia mguu, ndipo wote wakaingia. Ulisikika mlio wa majani yakikatwa na midomo, na hakuna mlio mwingine.

"Rekodi," baba alisema.

Nikarekodi. Nilianzia kwenye uwazi, nikazungusha simu taratibu kama alivyokuwa anazungusha kaka, majani, mapembe, minyaa, kilima kule nyuma. Kumbe mwenye kushika simu anasikika akihema. Nilipomaliza, baba akanyoosha mkono, akaisogeza simu mdomoni kabisa.

"Huku tumefungua," alisema.

Akaniambia nitume. Nikaitafuta namba ya kaka, nikatuma.

"Imefika?"

Nilitazama. Tiki moja. Tangu mwezi wa pili nilikuwa na jibu tayari kwa maswali ya namna hiyo.

"Haijafika, baba."

Akatikisa kichwa kukubali, akakaa chini kwenye majani, akaniashiria na mimi nikae. Tulikaa mpaka ng'ombe walipoanza kushiba mmoja mmoja na kulala. Kila baada ya muda aliuliza tena, na kila mara nilitazama kwanza kabla ya kumjibu.